MBONO KABURI: PANDA MPAKANI, LINDA SHAMBA LAKO

Ndugu mkulima wa Kiranjeranje,

Mbono kaburi unaujua. Umeota kwenye makaburi ya wazee wetu na kwenye mipaka ya mashamba. Mbuzi hawali majani yake. Mbegu zake ni sumu. Mtoto akizila hutapika na kuhara. Lakini ndani ya mbegu hizo yamo mafuta yanayowaka.

Je, mafuta hayo yanaweza kuendesha mashine? Ndiyo, yanaweza. Katika Mkoa wa Arusha, vijiji vya Engaruka na Leguruki viliwekewa mashine zilizotumia mafuta ya mbono. Shirika la TaTEDO ndilo lililoziweka.

Mafuta hupatikanaje? Mbegu hukaushwa, hukamuliwa, kisha mafuta huchujwa. Ili yawe kama dizeli, huchanganywa na spiriti iitwayo methanoli pamoja na kostiki soda. Usijaribu kazi hiyo nyumbani. Methanoli hupofusha macho na hushika moto upesi. Mafuta yaliyokamuliwa tu yanafaa kwa sabuni. Mashudu yake ni mbolea nzuri, lakini usiwape mifugo.

Sasa tupige hesabu. Lita 1 ya mafuta hutaka kilo 5 hivi za mbegu. Mashine ikinywa lita 5 kwa siku, inataka kilo 25 kila siku. Mbegu hizo huchumwa na kumenywa kwa mkono. Nani atazichuma wakati wa kuvuna ufuta?

Watu wengi waliambiwa kuwa mbono huzaa sana hata penye ukame. Kweli, mbono huvumilia ukame. Lakini kuvumilia si kuzaa. Penye ardhi dhaifu na mvua haba, mbegu ni chache.

Wilaya yetu ya Kilwa ililiona jambo hili. Kampuni ya BioShape kutoka Uholanzi ilipata hekta 34,000 hivi za kulima mbono. Ardhi hiyo ilikuwa ya vijiji vya Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe. Mwaka 2009 kazi ilisimama. Mwaka 2010 kampuni ilifilisika. Dizeli iliyotarajiwa haikuonekana.

Hapo ndipo penye somo. Ardhi ya kijiji ikihamishwa ili apewe mwekezaji wa kigeni, huwa ardhi ya jumla. Haiwi tena ya kijiji. Mwekezaji akiondoka, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Kwa hiyo, usikae nyumbani siku ya mkutano mkuu wa kijiji. Nenda ukaulize: Ni hekta ngapi? Ni kwa miaka mingapi? Mradi ukifa, ardhi itakuwa ya nani? Hakikisha majibu yameandikwa katika muhtasari.

Ukitaka mbono, fanya hivi:

1. Kata vijiti vyenye urefu wa nusu mita.
2. Vipande mpakani mvua zinapoanza, kila sentimita 30.
3. Pogoa kila mwaka.
4. Weka mbegu mbali na watoto.

Shamba lako liachie mtama, muhogo na ufuta. Mbono uwe ua wa shamba, usiwe shamba lenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini mbegu za mbono ni hatari?
2. Lita 3 za mafuta hutaka kilo ngapi za mbegu?
3. Kijiji chetu kina ardhi kiasi gani, na nani huamua juu yake?