Presha hailainishi mafuta

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na limesanifiwa kupashwa joto njia nzima. Vijiweni hapa chuo utasikia: kwa nini wasiongeze presha ya pampu tu?

Jibu ni mnato, yaani jinsi kimiminika kinavyokataa kutiririka. Mafuta ya Hoima yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda kama mawese asubuhi ya baridi. Ndiyo maana yanatakiwa kubaki kwenye nyuzijoto 50 hivi. Joto huzipa molekuli nguvu ya kuachiana. Hata maji yakitoka nyuzi 20 hadi 80, mnato wake hushuka hadi karibu theluthi moja.

Presha, au kanieneo ya darasani, inasukuma tu. Tena hubana molekuli, mnato wa mafuta ukapanda kidogo.

Ila sisi walimu watarajiwa tusiwakaririshe watoto kwamba "joto hupunguza mnato", basi. Kwenye gesi joto huuongeza, kwa sababu molekuli zenye kasi huvuka zaidi kutoka tabaka moja hadi jingine na kuvutana mwendo. Mtoto aliyekariri atakwama hapo. Aliyeelewa sababu atapita.