Alsatian: mbwa, mutu ao luga?

Ng'ambo ya mpaka, ku Uganda, mutu akisema "Alsatian" mara nyingi anazungumzia mbwa: ule mukubwa wa kulinda lupango, masikio juu, ambaye kwetu tunamuita berger allemand. Ni mbwa mumoja, lakini jina hilo la pili lilitoka ku vita.

Mbwa huyo ni wa Ujerumani kabisa. Mwanajeshi Max von Stephanitz ndiye alianza kuandikisha ukoo wake, mwaka 1899. Kisha vita ya 1914-1918 (ile ile iliyoondoa Wajerumani Rwanda na Burundi) ikafanya Waingereza wachukie kila kitu chenye jina la Ujerumani. Hata jamaa ya mfalme wao ilibadilisha jina mu 1917. Mbwa naye akapewa jina la Alsace, jimbo la mpakani. Jina lake la kwanza lilirudishwa Uingereza mu 1977 tu.

Lakini Alsacien wa kweli ni mutu wa Alsace, mashariki ya Ufaransa, kando ya mto Rhin. Na kwake mambo ya majina haikuwa muchezo. Aliyezaliwa Strasbourg mu 1860 alikuwa Mfaransa. Mu 1871 akawa Mjerumani, kisha vita mu 1918 akarudi Mfaransa. Kama aliishi mupaka 1940, Hitler alimurudisha tena Ujerumani. Yote hiyo bila kuhama nyumba! Kuanzia 1942, vijana karibu 100,000 waliingizwa kwa nguvu mu jeshi la Wajerumani. Wanaitwa "malgré-nous", ni kusema bila kupenda kwetu. Wengi hawakurudi, na waliorudi, wengine walitazamwa kama wasaliti.

Daktari Albert Schweitzer wa Lambaréné, Gabon, alikuwa mutu wa kule, aliyezaliwa mu 1875 na karatasi za Ujerumani. Alikuwa anatunza wagonjwa mu koloni ya Ufaransa, lakini vita ilipotokea akawekwa chini ya ulinzi, na mu 1917 akapelekwa Ufaransa kufungwa kambini, yeye na bibi yake.

Luga nayo inaitwa alsacien. Iko karibu na Kijerumani, na wazee ndio wanaisema zaidi. Na mpaka leo mapadri, wachungaji na marabi wa Alsace wanalipwa na serikali, kinyume na sehemu nyingine za Ufaransa: sheria ya 1905 ya kutenga dini na serikali ilipigiwa kura Paris wakati Alsace ilikuwa ya Ujerumani.