Kusoma Picha ya Wanamuziki wa Misri ya Kale

Mwalimu aonyeshapo picha hii asikimbilie maelezo. Ilitoka katika kaburi la Nebamun huko Thebes, ikachorwa yapata mwaka 1350 K.K., na sasa imo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Twaona wanawake wanne wameketi: mmoja anapuliza zumari mbili kwa pamoja, wenzake wanapiga makofi, kando wasichana wawili wanacheza. Watoto waulizwe ni nani waliotuelekezea uso. Ni wawili, jambo la nadra, kwani wachoraji wa Misri walizoea kuchora uso kwa upande. Swali gumu lafuata: wimbo ulisikikaje? Maneno yameandikwa juu yao, lahani haikuandikwa. Tungependa hapo watoto wapige makofi kwa mapigo waliyoyabuni, mradi wajue kwamba hayo ni yao.