Sura ya 6: Mkanda Mmoja, Diski Mbili

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, na masharti hayo yalikuja kulegezwa polepole mno. Ndiyo maana fundi wa Nachingwea au Ruangwa akiletewa "kompyuta ya zamani", kwa kawaida ni kasha la miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000, lenye diski za IDE. Mwenye mali mara nyingi haitaki mashine yenyewe, anataka kilichomo: tuseme daftari la wakulima wa kata ya Mtua, au hesabu za korosho za misimu ya mwanzo ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza 2007/2008. Kwa hiyo katika sura hii tunafunga diski kwa namna ambayo haitafuta kitu.

IDE ilizaliwa mwaka 1986 mikononi mwa Western Digital, Control Data na Compaq. Jipya lilikuwa kwamba ubongo wa kuiendesha diski ulihamia kwenye diski yenyewe, na mkanda mmoja wa nyaya wenye pini 40 ukaweza kubeba diski mbili. Kila amri inayopita kwenye mkanda husikika na zote mbili. Ndani ya amri mna alama inayosema inayoitwa ni ya kwanza (masta) au ya pili (slevu). Diski hujua nafasi yake kwa jampa, kile kibanio kidogo cha plastiki kilicho nyuma yake. Ukiziacha zote zikiwa masta, ni kama pacha wote wawili kuitwa Kulwa: ukiita, wanaitika wote, na mashine haioni hata moja.

Mpangilio wa jampa umechorwa kwenye lebo ya diski, nao hutofautiana kiwanda kwa kiwanda. Western Digital wana nafasi ya tatu, ya diski iliyo peke yake, ambayo mafundi wengi huisahau. Ukitumia mkanda wa nyaya 80, ncha ya bluu huenda kwenye ubao mama, nyeusi ya mwisho kwa masta, ya kijivu katikati kwa slevu. Ukingo wenye mstari mwekundu ni upande wa pini ya kwanza, na kwenye diski kawaida huelekea plagi ya umeme.

Kabla ya yote chomoa umeme, kisha shika chuma cha kasha ili umeme tuli utoke mwilini. Vumbi jekundu la kiangazi liondoe kwa brashi laini na kavu. Ukipuliza kwa mdomo unapeleka unyevu.

Kufunga skrubu nne ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe iko kwenye bayosi, programu ya kuwashia mashine. Mashine kongwe hukumbuka aina ya diski kwa msaada wa betri ndogo, na kwenye nyingi ni CR2032 ya volti 3. Ikikaa stoo miaka mingi betri hufa, na mipangilio hufa nayo. Hapo ndipo data nyingi nzima hupotezwa, kwa sababu diski za wakati ule zilihesabiwa kwa silinda, vichwa na sekta, mwisho silinda 1,024, vichwa 16, sekta 63 za baiti 512, jumla megabaiti 528. Ili kuvuka kikomo hicho bayosi ziliweka njia za kutafsiri hesabu, zinazoonekana kwenye menyu kama Normal, Large na LBA. Diski iliyoandikwa kwa njia moja ikisomwa kwa nyingine huonekana tupu au mbovu, na Windows huuliza kwa upole kama uifomati. Kataa. Zima, badilisha njia, washa tena. Ukipata njia inayoisoma, iandike kwa kalamu juu ya diski.

Vikomo vingine huja ukifunga diski kubwa kwenye mashine ndogo: gigabaiti 8.4, kisha 33.8, kisha 137. Kile cha 33.8 ndicho cha kuudhi zaidi, kwani baadhi ya bayosi za Award za kabla ya katikati ya 1999 huganda tu. Baadhi ya diski zina jampa ya kujipunguza hadi gigabaiti 32, na hilo hutosha.

Kwa kuendelea kuitumia mashine, mimi nisingenunua diski kuukuu nyingine. Kadi ya CompactFlash huelewa amri za IDE. Kwa adapta nyepesi huingia kwenye mkanda uleule, bila sahani inayozunguka. Ifanye masta, diski kongwe iwe slevu, nakili kilichomo, kisha chomoa ile kongwe uihifadhi mahali pakavu, lebo yake ikiwa juu.