Kwa nini vijiji vya Usambara vimekaa ukingoni?

Kama umewahi kupanda gari kutoka Mombo kwenda Lushoto unaijua ile hali: chini unajipepea na gazeti, ukifika Soni unafunga dirisha, Lushoto mjini unatafuta sweta. Safari yenyewe ni kama kilomita 30 tu. Kilichobadilika ni kimo. Mombo ipo kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400, na hewa hupoa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda.

Mvua nayo haigawanywi sawa. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unagonga milima, unalazimika kupanda, unapoa, na mvuke unakuwa mvua. Pande za Bumbuli na Vuga zinashiba. Upepo ukivuka kwenda upande wa Mkomazi umeshatua mzigo wake. Ndiyo maana ukisimama Mtae, mgongoni una mashamba ya kijani na mbele yako, chini kabisa, ni nyika kavu mpaka macho yachoke.

Sasa viangalie vijiji vyenyewe. Vingi vya zamani vimejipanga karibu na ukingo, pale ambapo mtoto akiteleza mama anashika moyo. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni kwa ajili ya mandhari (mawazo ya mgeni mwenye simu ya kupigia picha). Kumbe ni hesabu. Wasambaa hugawa nchi yao mara mbili: Shambaai, yaani mlimani kwenye ubaridi na migomba, na nyika kule chini kwenye joto. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Wasambaa, alionyesha kwamba anayekaa ukingoni anaweza kulima kote kuwili. Analala juu, ambako malaria ni kidogo, na shamba la nyika analifikia kwa miguu. Mazao ya huku na kule hayaivi wakati mmoja, wala ukame hauyapigi kwa namna moja. Huku kukikosa, kule huenda kukapata.

Si wote waliofuata hesabu hiyo. Wambugu walikuwa wafugaji, wakakaa juu zaidi, jirani na misitu ya Magamba na Shume yenye malisho. Wanaisimu wanawafahamu sana, kwa sababu wana lugha ambayo sarufi yake ni ya Kibantu, inafanana na Kipare, lakini maneno yake mengi yana asili ya Kikushi. Hiyo nitaiandikia makala yake siku nyingine.

Turudi shambani, maana hapo ndipo hesabu ya ukingoni iliwahi kugeuka ugomvi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko, baadaye ukaenea Usambara. Watu walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na aliyekaidi alitozwa faini. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, tusidanganyane. Lakini mpango ulimwona mkulima kama mtu mwenye shamba moja mlimani, wakati kaya moja ilikuwa na vipande huku na kule, na kazi ya kila kipande ina msimu wake. Matuta yalikula siku ambazo zilikuwa za nyika. Na jembe lilikuwa zaidi mikononi mwa wanawake. Upinzani ulikua mpaka serikali ikauacha mpango huo kabla ya uhuru.

Miaka ya 1980 ulikuja mradi mwingine wa hifadhi ya udongo, SECAP, kwa msaada wa Ujerumani. Huu ulihimiza kupanda mistari ya majani na miti kukinga mteremko. Mstari wa majani unapunguza kasi ya maji kama tuta linavyofanya, ila majani hayo unayakata ukampa ng'ombe aliyefungwa bandani, na samadi inarudi shambani. Ukipita leo utayaona majani ya Guatemala kwenye kingo za mashamba mengi. Ukimkuta mama anayakata, muulize ni ya nini. Usishangae akianza na maziwa, udongo ukafuata baadaye.