Flashi si ya nyimbo tu

Hapa Uvira neno «flashi» kila mutu analijua. Kuna flashi ya kutia nyimbo, na kuna telefone ile fundi anasema «acha tuiflashi». Yote ni jambo moja: memori inayoshika maandishi hata umeme ukikatika. Leo tunaongea juu ya flashi ingine, ile iko ndani ya karte ya kujifunzia elektroniki.

Memori hii ilitoka Japani. Injinia Fujio Masuoka wa kampuni Toshiba aliitangaza mwaka 1984. Ndani ya chipu kuna vyumba vidogo sana vya kufungia chaji ya umeme. Chumba kitupu kinasomwa 1, chenye chaji kinasomwa 0. Kuandika ni kugeuza 1 kuwa 0. Kurudisha 1 ndiko kunasumbua: hauwezi kufuta chumba kimoja, ni lazima kufuta ukurasa muzima. Ndiyo maana mashini inafuta kwanza, inaandika, kisha inasoma tena kuhakikisha.

Tuchukue karte Arduino Uno, ile wanafunzi wengi wanaanzia. Chipu yake, ATmega328P, iko na flashi ya kilobaiti 32. Unaandika programu kwa ordinatere, unaunganisha kable ya USB, unabonyeza, na kisha sekunde chache programu imeingia.

Na umeme ukikatika katikati? Telefone inaweza kufa palepale, na mwenyewe atadai. Lakini kwa Uno, mwisho wa flashi kuna kaprogramu ka baiti 512, kanaitwa butiloda. Kazi yake ni kupokea programu mpya, na kenyewe kamelindwa, hakafutwi. Unaanza upya tu. Tena karte inakula volti 5 kutoka ordinatere: betri ikijaa, SNEL ikate ao isikate, kazi inaendelea. Kwa muji kama wetu, hiyo si kitu kidogo: mwanafunzi anaweza kukosea bila kulipa.

Faida yake ni nini? Wote tunakumbuka mwezi wa nne 2020, Mulongwe ilipofurika, watu wakakufa na manyumba yakabebwa. Karte yenye kipima maji na kengele haitazuia mto. Lakini inaweza kuwapa wenye kukaa kandokando dakika za kubeba watoto na kupanda juu.

Hapo ndipo kujua flashi kunahitajika. Memori inachakaa. Flashi ya Uno imehakikishiwa kuandikwa mara 10.000: ukiiflashi mara 20 kwa siku, ni siku 500. Pembeni kuna EEPROM, memori ndogo ya kuweka vipimo, yenye kuhakikishiwa mara 100.000. Inaonekana nyingi, lakini mutu akiandika kipimo pahali pamoja kila sekunde, hesabu hiyo inaisha mbele ya saa 28. Kisha hapo kipimo kinaweza kudanganya. Kwa hiyo andika tu wakati maji yamepanda ao yameshuka, na ubadilishe pahali pa kuandika.

Mbele ya kuipeleka mtoni, ijaribuni kwa ndoo ya maji. Chomoeni umeme, rudisheni, mara nyingi. Kengele ikikosa kulia hata mara moja, irudi kwa meza.