Ukili, Mtoto na Mbuzi: Mzigo Huu Hubebwa na Nani?

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi katika kijiji kimoja kando ya Mto Tana, si mbali na Garsen, mwalimu alitugawia fomu tujaze habari za wazazi wetu. Mbele ya maneno "kazi ya baba" niliandika "mkulima". Mbele ya "kazi ya mama" niliandika, bila ya kusita, "hana kazi". Mwalimu aliipokea fomu ile na mambo yakaishia hapo. Leo, baada ya miaka mingi ya kufundisha isimu chuoni, ningali nalionea haya jibu lile, kwani karo iliyoniwezesha kujifunza kuandika maneno hayo mawili ilitoka mikononi mwa mwanamke huyo huyo.

Hebu tuitazame siku moja ya huyo asiye na kazi. Alfajiri, kabla jua halijakausha hewa, mama alikuwa amekwisha keti mlangoni na chane za mkoma zilizolowekwa usiku, maana chane kavu hukatika vidoleni. Alisuka ukili huku akimchunga kwa jicho moja mdogo wetu, aliyekuwa akianza kutambaa na kuzivuruga chane zote alizozifikia. Jicho la pili lilikuwa kwa mbuzi sita wa nyumbani, ambao hawakujua tofauti ya majani ya malisho na mkeka wa karo. Jua likipanda, mtoto alifungwa mgongoni kwa leso, safari ikawa ya shambani kwenye migomba na mpunga. Jioni ukili ulishikwa tena. Usiku, kwa mwanga wa koroboi, kili zilizokamilika ziliungwa kwa sindano kubwa iitwayo shazia mpaka mkeka ukapatikana.

Yafaa tujiulize kwa nini mama wa kijijini huchagua kazi hii kuliko nyingine. Jibu ni kwamba ukili hungoja. Mtoto akilia, mama huuweka chini. Mbuzi wakiingia katika mahindi ya jirani, huuacha akakimbia. Akirudi, huendelea pale pale alipoachia. Ndege wa mpunga hawangoji, wala maziwa yaliyo motoni hayangoji. Hapana shaka kwamba waliogundua jambo hili zamani walikuwa wajuzi wa kugawa wakati. Hata hivyo, sifa hiyo hiyo ndiyo inayomponza msusi. Saa zake zimekusanywa vipande vipande, robo hapa na nusu kule, na hakuna aliyezihesabu. Mchuuzi kutoka mjini anapofika, yeye ndiye anayeitaja bei, na mkeka wa wiki kadhaa huondoka kana kwamba ulisukwa kwa ajili ya kupitisha wakati.

Lakini iko siku ambapo hata kazi ingojayo haiwezi kungoja, nayo ni siku ya mwisho ya kulipa karo. Ikikaribia, mama alihitaji mikono miwili mitupu, na ile ya kumshika mtoto na kuwachunga mbuzi ilipatikana kwa dada yangu. Akiwa darasa la tano alianza kukosa shule siku moja kwa wiki, kisha mbili, kisha tatu. Jina lake likawa linaitwa asubuhi bila ya kuitikiwa, na hatimaye likafutwa katika daftari. Mimi niliyemfuata kuzaliwa sikukosa hata siku moja. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yalipoisomba migomba yetu na mbuzi wakatuishia, nilikuwa shule ya upili. Kilichonibakisha darasani ni mikeka, na wakati huo nusu yake ilisukwa na dada. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Ni kweli, ila hawakututajia mkono wa pili ni wa nani. Kwetu ulikuwa wa mtoto wa miaka 11.

Nisidhaniwe kuwa nawasemea Wapokomo peke yao. Kwa majirani zetu Waorma na Wawardei, ambao ni wafugaji, mama ndiye ajengaye nyumba, atunzaye ndama na ashughulikiaye maziwa. Kiswahili chetu husema kusuka ukili, na pia husema kusuka maziwa, yaani kuyatikisa mpaka siagi itoke. Wataalamu wenzangu waweza kubishana kama hilo ni neno moja au ni mawili yaliyofanana kwa sauti. Mimi naona linatukumbusha jambo. Bonde hili limemwaga damu kwa ajili ya ardhi na maji, na mapigano ya mwaka 2012 hadi 2013 yaliua watu zaidi ya 100. Hata hivyo, ukiingia uani kwa mkulima na uani kwa mfugaji, waweza kumkuta binti yule yule, kambeba mtoto ubavuni na fimbo mkononi, wakati wenzake wako darasani.

Kila asubuhi ya gwaride, shule zote za Kenya husimama wima kuimba Wimbo wa Taifa. Sauti yake ilitolewa mwaka 1963 katika wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Taifa zima, basi, limepewa heshima yake na sauti ya mlezi wa Tana. Je, ni haki tuusimamie wimbo wake kwa adabu, kisha tumwandike kuwa hana kazi?

Yamkini msomaji atasema kwamba siku hizi karo ya shule ya msingi imeondolewa. Naam, iliondolewa mwaka 2003, na Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaruhusu hata mzazi ashtakiwe. Lakini kumshtaki mama hakumlishi mbuzi wala hakumbembelezi mtoto. Karo iliondoka, mtoto mchanga na mbuzi walibaki, na mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya 2024 yakaja kuongeza uzito juu ya uzito.

Dawa imo katika Katiba hiyo hiyo. Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti, katika kifungu kimoja, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya kulelea watoto. Waliokiandika waliyaweka pamoja mambo ambayo mama huyafanya pamoja. Kwa nini basi tusiyaweke chini ya paa moja? Banda la makuti kando ya shule lingetosha kwa kuanzia: mama wasuke hapo kwa zamu, watoto wadogo walindwe hapo, mikeka iuzwe hapo kwa bei iliyokubaliwa na wasusi wenyewe, na binti aingie darasani mikono mitupu. Mbuzi nao wachungwe kwa zamu za watu wazima wa kijiji.

Walimu wenzangu, kesho jina likiitwa na lisiitikiwe, kabla ya kuandika kwamba mtoto hayupo, ulizeni ni nani aliyemshika mtoto nyumbani kwao. Nanyi wanafunzi, mkipewa fomu kama niliyopewa mimi, andikeni kwamba mama ni msusi, mlezi, mkulima na mfugaji. Nafasi isipotosha, ombeni karatasi nyingine.